Mlima wa makapi: nani huamua kipi ni taka?

Bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, ndilo alama ya Lubumbashi, mji wa Katanga. Pembeni yake umelala mlima mweusi ambao wenyeji wanauita terili, mlima uliomwagwa na binadamu, toroli baada ya toroli, kutoka kwenye tanuru ambazo Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya Wabelgiji iliyoitangulia Gécamines, iliziwasha mwaka 1911.

Ulivyotokea ni kazi ya kemia. Mawe ya shaba yakiyeyushwa pamoja na mawe yenye silika, shaba hutuama chini kwa uzito wake. Chuma huungana na silika, huelea juu, kisha humwagwa nje kikiwa uji wa moto. Kobalti na zinki zina tabia inayokaribiana na ya chuma, basi sehemu kubwa huondoka nacho. Tanuru ilikuwa imejengwa kwa ajili ya shaba. Kilichobaki kiliitwa takataka.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikawashwa tanuru ya umeme hapo hapo mjini. Makapi yale yale yakayeyushwa upya pamoja na makaa ya koki, ambayo hupokonya madini oksijeni yake. Kobalti ikajitenga na kutoka ikiwa imechanganyika na shaba na chuma. Zinki ikapaa kama mvuke na kunaswa ikiwa vumbi, na ndani ya vumbi hilo mna jerimani, madini yanayotumika kutengeneza nyaya za kioo zinazosafirisha intaneti. Mlima haukuwa umebadilika hata punje. Kilichobadilika ni jicho linaloutazama.

Tumezoea kusema teknolojia ni chombo tu, ubaya au uzuri uko kwa mtumiaji. Mwanafalsafa Mjerumani Martin Heidegger aliipinga hoja hiyo katika mhadhara alioutoa Munich mwaka 1953. Kwa maoni yake, teknolojia ya kisasa kwanza hutufundisha kuona: ardhi inageuka ghala la madini, na madini yanageuka akiba ya urani. Katanga ilikuwa imeyaona hayo kabla yake, kwani urani ya Shinkolobwe ilitumika katika mradi wa Marekani wa bomu la atomiki.

Hata hivyo Heidegger hakumaliza habari. Karne nyingi kabla ya Wabelgiji, wafua shaba wa Katanga waliyeyusha malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, kwa makaa ya miti katika tanuru ndogo za udongo, wakatoa vipande vyenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilitumika kama pesa, na huko Sanga, katika bonde la Upemba, wanaakiolojia wameikuta makaburini, marehemu wamezikwa nayo. Jiwe lilikuwa lile lile na moto ulikuwepo, lakini shaba ilikuwa na kazi nyingine kati ya watu. Teknolojia, basi, haina njia moja tu ya kuitazama ardhi.

Njia tuliyoirithi sisi inaonekana Penga Penga, mtaa ulio upande ambao upepo ulipeleka moshi wa kiwanda. Gesi ya salfa na vumbi la metali viliua mimea, udongo ukabaki uchi. Watafiti wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu hapo nyasi fupi iitwayo Microchloa altera, inayostahimili shaba. Udongo huchanganywa na chokaa na mboji, nyasi hupandikizwa, na mizizi yake hushika vumbi lisipeperuke kuingia majumbani.

Leo kobalti inatafutwa kwa ajili ya betri, lakini tayari yako magari mengi yanayotumia betri za chuma na fosfati, zisizo na kobalti kabisa. Ikiwa mapishi hayo yatashinda, thamani ya mlima itapangwa upya katika maabara za mbali, bila mkazi wa Lubumbashi kuulizwa. Hapo ndipo falsafa inapogusa maisha. Elimu ya kukamua kobalti kutoka makapi ilipatikana kwa sababu kobalti ina mnunuzi. Elimu ya kuponya udongo wa Penga Penga nayo ipo, imejaribiwa, lakini hewa isiyo na vumbi haina soko London kama metali. Teknolojia hujibu swali inaloulizwa, na anayelipa ndiye anayeuliza. Mji uliochimbwa kwa zaidi ya karne una haki ya kuuliza la kwake, na kulitengea fungu kutoka kwenye shaba yake.