Kioo cheusi si kifo cha kompyuta: Pima kwanza, nunua kadi baadaye

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

KOMPYUTA ya nyumbani inapowashwa, feni ikavuma na taa ikawaka, lakini kioo kikabaki cheusi, familia nyingi huamini kwamba mashine yao imefikia mwisho. Mara nyingi uamuzi unaofuata ndio huwagharimu zaidi kuliko hitilafu yenyewe.

Wapo wanaoagiza kadi mpya ya picha kutoka Dar es Salaam, ikasafiri kwa basi zaidi ya kilometa 1,100 hadi Mwanza, kisha ikabainika kwamba haiingii katika mashine iliyokusudiwa. Wapo pia wanaoiuza kompyuta kwa bei ya chakavu, na ndani yake zimo picha za harusi, hesabu za duka na utafiti wa mwanafunzi anayesubiri kuhitimu.

Hasara zote hizo zinaweza kuepukika iwapo mwenye kompyuta ataelewa jambo moja: kadi ya picha haihifadhi kazi za mtumiaji. Kadi ikifa, kila kilichohifadhiwa katika diski hubaki salama.

Kadi ya picha, ambayo mafundi wengi huiita kadi ya VGA, ni kipande kinachochomekwa katika ubao mkuu wa kompyuta, maarufu kama mazabodi. Kazi yake ni kukokotoa picha na kuipeleka kwenye monita. Kompyuta nyingi za ofisini zilizouzwa zikiwa zimetumika hazina kadi ya namna hiyo, bali hutumia uwezo wa picha uliojengwa ndani ya mazabodi au prosesa.

Kwa nini kadi hufa

Adui wa kwanza ni joto. Vumbi linaloletwa na upepo kutoka barabara zisizo na lami hutuama katika feni na katika mapezi ya kipoza joto. Kando ya Ziwa Victoria huongezeka unyevu wa hewa, pamoja na makundi ya wadudu wadogo wa ziwani ambao huvutwa na taa nyakati za usiku na wanaweza kupenya katika matundu ya kasha. Feni ikielemewa, chipu huchemka.

Adui wa pili ni umeme usiotulia. Nchi ilipita katika vipindi vya mgawo mwaka 2006, 2011 na 2023, na ingawa mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulianza kuzalisha umeme Februari 2024, umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo bado unaweza kudhuru vifaa. Kiwango cha umeme wa majumbani nchini ni volti 230. Msukosuko unaozidi hapo huanza kuichosha pawa saplai, na pawa saplai iliyochoka huilisha kadi umeme mbaya.

Sababu ya tatu ni umri na namna kifaa kilivyotengenezwa. Mazabodi na kadi nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa na kapasita dhaifu zilizovimba na kuvuja. Julai 2008, kampuni ya NVIDIA ya Marekani ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya kushughulikia hitilafu za baadhi ya chipu zake zilizotumika katika kompyuta za mapajani.

Dalili zisomwe kwa utulivu

Kabla ya kufungua kasha, ambalo wengi huliita sipiyu, inafaa kuangalia dalili. Ikiwa mistari au vijiraba vya rangi huonekana tangu nembo ya mtengenezaji inapotokea, kabla Windows haijaanza, hitilafu kwa kawaida ni ya kifaa. Ikiwa picha ni safi mwanzoni na huharibika Windows inapofunguka, programu inayoiendesha kadi, yaani draiva, ndiyo ya kushukiwa kwanza. Kuiondoa na kuiweka upya hakuhitaji kununua chochote.

Jaribio jingine ni kubonyeza kitufe cha menyu cha monita yenyewe. Menyu hiyo ikionekana safi juu ya picha yenye mistari, monita haina kosa.

Milio nayo ni lugha. Katika kompyuta nyingi za zamani zenye programu anzilishi ya Award, mlio mmoja mrefu ukifuatiwa na miwili mifupi huashiria tatizo la picha, ilhali milio mirefu inayojirudia huashiria kumbukumbu ya RAM. Watengenezaji wengine hutumia mpangilio tofauti, hivyo kitabu cha mazabodi husika ndicho cha kuaminiwa.

Hatua za upimaji

Kanuni ni kuanza na kisichogharimu fedha. Kwanza ni kebo. Sipiyu yenye kadi ya ziada huwa na matundu ya picha mahali pawili, na baada ya usafi wa nyumba si ajabu kebo kurudishwa katika tundu lisilotumika. Inafaa pia kuijaribu monita kwa kebo nyingine, au katika kompyuta nyingine.

Pili, kompyuta izimwe, waya wa umeme uchomolewe ukutani na kitufe cha kuwashia kibonyezwe kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Mtu aguse chuma cha kasha ili kupunguza umeme tuli mwilini, kisha aifungue skrubu ya kadi, aachilie kishikizo cha sloti na kuitoa kadi taratibu.

Tatu, kebo ichomekwe katika tundu la picha la mazabodi na kompyuta iwashwe bila kadi. Picha ikionekana, kadi au sloti yake ndiyo yenye shaka, na familia inaweza kuendelea na kazi siku hiyo hiyo. Huo ndio wakati wa kunakili nyaraka muhimu katika diski ya nje, kabla ya ukarabati mwingine wowote. Jaribio hili haliwezekani katika mashine zote, kwani baadhi ya prosesa, zikiwamo za Intel ambazo majina yake huishia na herufi F, hazina uwezo wa picha ndani yake.

Nne, iwapo giza litaendelea, RAM itolewe, miguu yake ya rangi ya dhahabu isuguliwe polepole kwa kifutio cha penseli, mabaki yafutwe, kisha irudishwe kipande kimoja kimoja. Kompyuta iliyodhaniwa kuwa imeharibika kadi inaweza kupona katika hatua hii.

Tano ni betri ndogo ya mazabodi, aina ya CR2032 yenye volti 3. Saa ya kompyuta ikirudi nyuma kila inapowashwa, betri hiyo imekwisha. Sita ni pawa saplai, ambayo hupimwa kwa kuazima nyingine iliyo nzima. Pawa saplai isifunguliwe nyumbani, kwa kuwa kapasita zake huweza kuhifadhi umeme wa kuua hata baada ya waya kuchomolewa.

Ushahidi wa mwisho ni kuichomeka kadi inayoshukiwa katika kompyuta nyingine inayofanya kazi. Ikishindwa na huko, hukumu imepatikana.

Kadi ipi inunuliwe

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kompyuta za kuanzia mwaka 1997 hadi katikati ya miaka ya 2000 hutumia sloti ya AGP, wakati zile zilizofuata, kuanzia mwaka 2004, hutumia PCI Express. Kadi ya aina moja haiingii katika sloti ya nyingine.

Jambo la pili ni nguvu. Sloti ya PCI Express hutoa hadi wati 75 pekee. Kadi yenye tundu la ziada la pini sita huhitaji hadi wati 75 nyingine, na lenye pini nane hadi wati 150. Kompyuta ndogo za ofisini huwa na pawa saplai ya uwezo mdogo, hivyo huzifaa kadi zisizo na tundu la ziada.

La tatu ni kimo. Kasha jembamba huhitaji kadi fupi yenye bati fupi la nyuma. La nne ni umri wa mazabodi, kwani baadhi ya kadi mpya hukataa kuonyesha picha katika mashine zenye programu anzilishi ya zamani. La tano ni tundu la monita: monita yenye VGA pekee haitaungana na kadi yenye HDMI pekee bila kigeuzi.

Kwa kadi iliyotumika, mnunuzi aombe ichomekwe na kuendeshwa mbele yake kwa dakika kadhaa, akitazama kama feni inazunguka na kapasita hazijavimba. Ajihadhari na kadi iliyochomwa kwa hewa ya moto ili chipu ishike tena. Tiba hiyo aghalabu haidumu, na kuifanya katika jiko la chakula huweza kutoa moshi wenye sumu.

Lini kuacha

Si kila kompyuta inastahili kadi mpya. Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Ikiwa mashine hutumika kwa barua, hesabu na masomo, picha za mazabodi zinatosha, na mfumo wa Linux unaopatikana bila malipo unaweza kuiongezea maisha. Fedha ya kadi ingefaa zaidi kununua diski ya nje.

Kwa mashine inayobaki, kinga ni rahisi: kupuliza vumbi kila baada ya miezi michache huku feni ikizuiwa kwa kidole isizunguke, kuinua sipiyu kutoka sakafuni, kuiweka mbali na dirisha na taa ya usiku, na kutumia UPS au stabilaiza. Umeme unapokatika, swichi izimwe hadi utakapotulia.

Mwenye kompyuta anayekwenda kwa fundi akiwa tayari ameijaribu kebo, RAM na picha za mazabodi, na nyaraka zake zikiwa zimenakiliwa, hadanganyiki kwa urahisi. Na hata asipopata kadi ya kuifaa mashine yake, kazi zake anazo mkononi.