Bukavu: Dawa ya mildiu inaweza kuua kuvu inayomsaidia mkulima

Wakulima wa mboga wanaolisha masoko ya Bukavu, mkoani Kivu Kusini, wanapigana na maadui wawili kwa wakati mmoja: wadudu na mildiu. Kwa wadudu, watafiti wa Afrika Mashariki wanapendekeza silaha isiyo sumu ya kemikali, yaani kuvu hai zinazoua wadudu. Kwa mildiu ya nyanya na viazi, mkulima ana dawa aliyoizoea, mankozebu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Dithane. Shida ni kwamba vitu hivyo viwili vikitiwa ndani ya bomba moja la kupulizia, dawa inaweza kuua kuvu kabla kuvu haijamfikia mdudu.

Kuvu hizo ni jamaa ya ule ukungu unaoota juu ya mkate uliokaa, na huishi zenyewe udongoni. Mbili zinazotumiwa zaidi ni Beauveria bassiana na Metarhizium. Mbegu zake hazionekani kwa macho. Zikigusa ngozi ya mdudu, zinachipua, zinatoboa na kukua ndani ya mwili wake. Mdudu hufa baada ya siku kadhaa, mara nyingi kati ya 3 na 10. Kukiwa na unyevu, mzoga wake unafunikwa na unga, mweupe kwa Beauveria, wa kijani kwa Metarhizium. Unga huo ni mbegu mpya za kuambukiza wadudu wengine.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1835, Mwitalia Agostino Bassi alionyesha kwamba ugonjwa uliokuwa unaua viwavi wa hariri ulisababishwa na kuvu, na ndiyo maana kuvu hiyo inaitwa bassiana. Katika kanda hii, watafiti wa kituo cha Kawanda nchini Uganda walianza miaka ya 1990 kuijaribu Beauveria dhidi ya fukusi anayetoboa mashina ya migomba. Tanzania ilitumia Metarhizium mwaka 2009, kwa msaada wa FAO, kupambana na nzige wekundu. Nchini Kenya, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970, kimetoa aina za Metarhizium ambazo sasa zinauzwa kwa wakulima.

Lakini kuvu ni kiumbe hai, na dawa ya mildiu ilitengenezwa kuzuia viumbe wa namna hiyo. Mankozebu haichagui. Inazuia mbegu za ugonjwa kuchipua juu ya jani, na inaweza kuzizuia vilevile mbegu za kuvu inayomsaidia mkulima.

Ili kujua dawa gani inapatana na kuvu gani, watafiti huotesha kuvu maabarani ndani ya chakula kilichochanganywa na dawa, kwa kipimo kilekile cha shambani. Kisha wanaangalia mambo matatu: je, mbegu zinachipua, kuvu inakua kwa kasi gani, na inatoa mbegu mpya ngapi. Watafiti wa icipe walichapisha mwaka 2012 kazi ya namna hiyo kuhusu Metarhizium yao na dawa zinazopulizwa kwenye maharagi mabichi. Majaribio ya nchi nyingi yanaelekea upande mmoja: dawa za ukungu ndizo hatari zaidi kwa kuvu hizi. Dawa za wadudu zinatofautiana. Nyingine, kama imidaklopridi, mara nyingi haziisumbui sana kuvu. Nyingine, kama klorpirifosi, mara nyingi zinaidhuru.

Hata mkulima ambaye hajawahi kununua kuvu anahusika. Mwaka 1971, watafiti wa Minnesota, Marekani, walionyesha kwamba viazi vilivyopulizwa dawa za ukungu vilipata vidukari wengi zaidi. Dawa ilikuwa imedhoofisha kuvu za asili zilizokuwa zinawaua wadudu hao bila malipo.

Kwa Bukavu, swali hili ni zito kwa sababu ya hali ya hewa. Mvua na unyevu wa Kabare na Walungu vinaisaidia kuvu kuota juu ya mdudu, lakini unyevu huohuo unaleta mildiu. Kumwambia mkulima wa nyanya aache kabisa dawa ya mildiu ni kumwambia apoteze mavuno. Anachoweza kufanya ni kutenganisha.

Kwanza, asichanganye kuvu na dawa ya ukungu ndani ya bomba moja, na bomba lililobeba Dithane lioshwe vizuri kabla ya kutiwa kuvu. Pili, aache siku kadhaa kati ya dawa moja na nyingine, akifuata maandishi ya kopo. Tatu, apulize kuvu jioni, kwa kuwa jua kali huua mbegu zake. Nne, atenganishe mahali inapowezekana: kwa fukusi wa migomba, kuvu huwekwa chini kwenye shina na udongo, mbali na majani ya nyanya yanayopulizwa.

Dukani pia kuna maswali ya kuuliza kabla ya kutoa franga: kuvu gani iko ndani, muda wake unaisha lini, na je, imehifadhiwa mahali pa baridi? Kopo lililokaa wiki nyingi kwenye jua linaweza kubaki na mbegu zilizokufa, hata kama lebo yake ingali mpya.

Mkulima anayekosa habari hizi analipa mara mbili, kwa kuvu na kwa dawa iliyoiua. Na akiona wadudu bado wako, atasema kuvu haifanyi kazi, kumbe haikupewa nafasi ya kufanya kazi.