Fahamu: Mahindi yanapokomaa na mvua haijakatika

Katika kaunti za Trans Nzoia na Uasin Gishu, mavuno makuu ya mahindi huanza Oktoba. Mvua ikigoma kukatika, kama ile ya El Niño mwishoni mwa 2023, mkulima hubanwa: akiyaacha shambani yanaota kwenye gunzi, akiyavuna mabichi yanavunda ghalani.

Tatizo ni unyevu. Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao (NCPB) hupokea mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5. Yakihifadhiwa mabichi, kuvu hustawi na kutoa sumu ya aflatoksini. Kupika ugali hakuiondoi. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, tena kwa chakula cha nyumbani kwao.

Huna kipimo? Tumia chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, jaza mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15. Isipoganda, huenda unyevu bado umezidi asilimia 13.5, hivyo usikimbilie kufunga magunia, endelea kuanika.

Jua likichomoza hata kwa saa mbili, tandaza mahindi kwenye turubai, kamwe si udongoni, na uyageuze mara kwa mara. Palipo na mashine ya kukaushia, wakulima wachangie gharama.

Yaliyoota kuvu yatenge. Tafadhali usimpe ng'ombe wa maziwa: sumu hiyo hupitia kwenye maziwa hadi kwa mtoto wako.