Nani Anailipa Zahanati Yetu?

Tukifika zahanati tukakuta dawa hakuna, mara nyingi lawama zote humwangukia mganga. Mwezi huu tutazame kilicho nyuma ya kabati tupu: fedha za kituo hutoka wapi, na hufika kwa njia gani?

Tunazungumzia vituo vinavyompokea kila mtu, hata maskini: zahanati za Serikali, na hospitali za misheni, ambazo baadhi yake Serikali ilizifanya Hospitali Teule za Wilaya.

Kulipa siku ya kuugua

Mwaka 1993 Serikali yetu ya Tanzania ilianza utaratibu wa kuchangia gharama katika hospitali zake. Ubaya wake ni kwamba humdai mtu siku ile ile asiyoweza kufanya kazi. Asiye na fedha hukaa nyumbani. Malaria ya mtoto wa shule, ambayo ingepona kwa vidonge, huishia kulazwa na pengine kuongezewa damu.

Kwa mujibu wa sera, wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wasio na uwezo husamehewa. Lakini msamaha usioletewa fedha hukiachia kituo deni, na deni hilo ndilo kabati tupu.

Kulipa kabla ya kuugua

Mwaka 1996 wilaya ya Igunga, mkoani Tabora, ilijaribu Mfuko wa Afya ya Jamii: kaya ililipa mara moja kwa mwaka ikapata kadi. Sheria ya mfuko ilitungwa mwaka 2001. Mwaka 2018 mfuko uliboreshwa, na kaya ya watu sita mikoani ikatozwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Mfuko wa namna hii hufa wakijiunga wagonjwa peke yao. Mzima wa leo humsaidia mgonjwa wa leo, na kesho atasaidiwa yeye.

Kituo nacho kilipweje?

Kikilipwa kwa kila huduma, sindano na vipimo visivyo vya lazima vitaongezeka. Kikilipwa kwa idadi ya watu walioandikishwa, kitapenda wabaki wazima, ila kinaweza kuwapunja wagonjwa. Kwa hiyo kila njia inahitaji usimamizi.

Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zilianza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya benki ya kituo, badala ya kupitia halmashauri kwanza. Hivyo kituo na kamati yake wakapata nafasi ya kupanga: dawa zipi, ukarabati upi.

Familia ifanye nini?

1. Tenga fedha za bima wakati wa mavuno, usingoje homa.
2. Mwende kituoni mapema, dalili zinapoanza.
3. Wajueni wajumbe wa kamati ya kituo chenu. Waulizeni katika mkutano wa kijiji: fedha kiasi gani ziliingia, zilinunua nini?
4. Katika jumuiya ndogo ndogo, tambueni wajane na wazee wasiojiweza, mwachangie bima.

Kabati la dawa hujazwa kabla mgonjwa hajafika mlangoni. Tuanze sasa, tungali wazima.