Saa Janja ya Bei Nafuu: Namna ya Kuichagua na Vipimo vya Kuamini

Saa janja, ambayo miaka michache iliyopita ilionekana kwa nadra mikononi mwa watu wetu, sasa imepangwa katika maduka ya Kariakoo pamoja na chaja na makava ya simu, na hata wamachinga huitembeza. Wagonjwa wengi wanaohudhuria kliniki za moyo, kisukari na uzito uliozidi hufika wakiwa wameivaa, na baadhi yao humwonyesha daktari namba zilizo kwenye kioo chake kabla ya kueleza kilichowaleta. Jambo hili lina heri ndani yake, kwa kuwa mtu anayefuatilia mwendo wake yu karibu zaidi na kubadili mwenendo wake. Lina hatari pia, kwa kuwa saa hizi huonyesha kwa mwandiko uleule vipimo ambavyo zimevipima kweli na vingine ambavyo zimevikisia tu.

Makala haya yanakusudia kumsaidia msomaji kutenganisha aina hizo mbili kabla hajatoa fedha yake, na kumsaidia mhudumu wa afya kujua la kufanya anapoonyeshwa saa. Tunaposema saa ya bei nafuu tunamaanisha ile isiyozidi shilingi 150,000 za Tanzania.

Saa hupima nini hasa?

Ndani ya saa nyingi za bei nafuu mna vihisi viwili tu vya msingi vinavyohusu afya. Cha kwanza ni kihisi cha mwendo, ambacho hutambua mtikisiko wa mkono. Programu ya saa hutafsiri mtikisiko huo kuwa hatua. Cha pili ni taa ndogo, aghalabu za kijani, zilizo upande unaogusa ngozi, pamoja na kihisi cha mwanga. Kila moyo unapopiga, damu huongezeka kidogo katika mishipa midogo ya ngozi. Kwa kuwa damu hunyonya mwanga huo, mwanga unaorudi hupungua na kuongezeka kwa kufuata mapigo, nayo saa huyahesabu mawimbi hayo. Kanuni ya kusoma mapigo kwa mwanga si mpya. Mwanafiziolojia wa Marekani, Alrick Hertzman, aliieleza mwishoni mwa miaka ya 1930. Baadhi ya saa huongezewa taa nyekundu na mwanga usioonekana kwa macho kwa ajili ya kukadiria oksijeni.

Mengine yote yanayoonekana kwenye kioo, yaani kalori, kina cha usingizi, msongo wa mawazo na shinikizo la damu, hukokotolewa kutokana na vihisi hivyo kwa kanuni ambazo kwa kawaida mtengenezaji hazitangazi. Kadiri hesabu inavyokwenda mbali na kile kilichopimwa, ndivyo imani yetu inavyopaswa kupungua.

Vipimo vinavyofaa kutumika

Hatua ni kipimo kinachofaa, ingawa hakikosi kasoro. Saa yaweza kuhesabu kufua au kutwanga kuwa ni kutembea, na yaweza kuzikosa hatua za mtu anayesukuma mkokoteni au aliyeshikilia mzigo kichwani, kwa sababu mkono wake umetulia. Hata hivyo, kasoro za saa moja kwa mtu mmoja hazibadiliki sana kutoka siku hadi siku. Kwa hiyo jilinganishe na nafsi yako ya wiki iliyopita, wala usijilinganishe na jirani mwenye saa nyingine.

Wengi huamini kuwa asiyefikisha hatua 10,000 kwa siku hajafanya kitu. Namba hiyo ilienea kutokana na kihesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965 kwa jina la Manpo-kei, lenye maana ya kipima hatua elfu kumi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu wanawake wazee nchini Marekani ulionyesha kuwa waliotembea takriban hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea takriban 2,700, na kwamba nafuu haikuongezeka sana baada ya hatua 7,500 hivi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Mgonjwa anayeanzia hatua 2,000 basi asikate tamaa: akiongeza 1,000 kila baada ya wiki chache, amekwishaanza kujitendea mema.

Mapigo ya moyo ni kipimo cha pili kinachofaa, hasa mtu akiwa ametulia. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivijaribu vifaa saba vya kuvaliwa mkononi kwa watu 60. Sita kati ya vifaa hivyo vilikosea mapigo kwa chini ya asilimia 5. Kwa upande wa kalori, kifaa kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Vifaa vile havikuwa vya bei ya chini kabisa, hivyo mwenye saa nafuu asitarajie zaidi. Anayepunguza uzito asiongeze sahani ya chakula kwa sababu saa imesema ameunguza kalori 500, na mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini asibadili dozi kwa hesabu hiyo.

Vipimo visivyopaswa kuaminiwa

Kipimo chenye hatari kubwa kuliko vyote katika saa za bei nafuu ni shinikizo la damu. Mashine ya kawaida huubana mkono kwa mkanda unaojazwa hewa na kutambua kani inayohitajika kuuzuia mshipa; mwanga pekee hauwezi kufanya kazi hiyo. Zipo saa chache za gharama kubwa zinazokadiria shinikizo, lakini mojawapo humtaka mtumiaji airekebishe kwa mashine ya mkanda kila baada ya siku 28, na nyingine ina mkanda mdogo unaojaa hewa. Saa nafuu isiyo na lolote kati ya hayo, nayo ikatoa “presha” baada ya nusu dakika, inabahatisha.

Madhara yake tunayaona kliniki. Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa akitumia dawa za shinikizo la juu la damu, aliziacha kwa miezi mitatu. “Daktari, mbona kila asubuhi saa inaniambia niko sawa?” alisema, huku akinionyesha 121/79. Mashine yetu ilisoma 178/104, na tuliporudia baada ya dakika tano haikushuka kwa maana. Mama huyu hakuwa mzembe, kwani alijipima kila siku bila kukosa. Tatizo ni kwamba kifaa alichokiamini hakikuwa kikipima chochote. Shinikizo la juu la damu kwa kawaida halina dalili, na ndiyo maana faraja ya uongo humfikisha mtu kwenye kiharusi au kushindwa kwa figo bila kumwonya.

Sukari ya damu ni mfano wa pili. Tarehe 21 Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Jambo hili lisichanganywe na saa inayoonyesha tu namba zinazotumwa na kihisi maalumu kilichochomekwa chini ya ngozi. Muuzaji akikuambia kuwa saa yake inapima sukari kwa mwanga, usiinunue kwa ajili hiyo, na glukomita yako usiiweke kando.

Kuhusu oksijeni, tahadhari inatuhusu zaidi sisi wenye ngozi nyeusi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kutoka hospitali za Marekani ulionyesha kuwa hata vipima oksijeni vya kidoleni vinavyotumika hospitalini vilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Ikiwa chombo cha hospitali kina upungufu huo, saa ya mkononi haiwezi kuwa mwamuzi. Mgonjwa wa pumu au nimonia anayehema kwa shida aende kituo cha afya, hata kama saa imeandika 98.

Ukifika dukani

Kwanza, hakikisha saa inaafikiana na simu yako, na kwamba programu yake inapatikana katika duka rasmi la programu la simu hiyo. Saa isiyo na programu inayoeleweka itakusahaulisha takwimu zako za wiki iliyopita.

Pili, itazame juani. Kioo kinachong’aa vizuri dukani chaweza kufifia barabarani saa sita mchana. Kwa mzee, namba kubwa zina thamani kuliko mapambo mengi.

Tatu, uliza betri. Saa iliyo rahisi hukaa na chaji wiki moja au zaidi. Yenye kupokea simu na kioo kinachowaka muda wote huisha upesi. Uliza pia kama chaja yake ikipotea utapata nyingine.

Nne, angalia kinga ya maji. Alama ya IP67 humaanisha saa imejaribiwa kwa kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30, na hiyo yatosha kwa jasho, mvua na kutawadha. Anayeogelea atafute alama ya 5 ATM.

Tano, chagua mkanda laini unaobadilishika. Jasho na sabuni vikinasa chini ya mkanda huleta upele. Uoshe, uukaushe, na uipumzishe ngozi kila siku.

Sita, usilipie GPS usiyoihitaji. Saa nyingi nafuu hutumia ile ya simu yako. Anayekimbia bila simu ndiye mwenye sababu ya kutafuta saa yenye GPS yake.

Saba, ijaribu kabla ya kulipa. Kaa dakika tano, hesabu mapigo yako kwa vidole kwa dakika nzima, kisha linganisha na saa. Tofauti ya mapigo matano si neno. Tembea hatua 100 ukizihesabu mwenyewe, uone saa imeandika ngapi. Muuzaji akikusifia kipimo cha presha, mwombe aifunge saa hiyo kwenye chupa ya maji: ikitoa presha ya chupa, umekwishapata jibu. Dai risiti na dhamana, kwa kuwa nakala bandia za saa zenye majina makubwa ni nyingi.

Nane, linda siri zako. Mapigo na usingizi wako ni taarifa binafsi za afya. Kenya ilitunga sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022, lakini ulinzi wa kwanza ni wako mwenyewe: programu ya kuhesabu hatua ikikuomba ruhusa ya kusikiliza maikrofoni, ikatalie.

Namna ya kuitumia

Ivae juu kidogo ya mfupa wa kifundo cha mkono, kwa upana wa kidole kimoja, ikaze bila kubana. Ikilegea, mwanga wa nje huingia na namba hupotoka. Kwa mazoezi ya wastani, toa umri wako kutoka 220, kisha lenga asilimia 50 hadi 70 ya jibu. Mwenye miaka 45 hupata 175. Hivyo mapigo yake yawe kati ya 88 na 123 hivi. Hesabu hii ni makadirio, nayo haimfai anayetumia dawa zinazopunguza mapigo kama atenololi, bisoprololi au propranololi. Huyo atumie kipimo cha mazungumzo: akiweza kuongea lakini asiweze kuimba, mwendo wake ni wa wastani.

Mapigo yakiwa chini ya 50 au juu ya 100 kwa kurudiarudia ukiwa umetulia, nenda ukapimwe. Maumivu ya kifua, kuzirai, mdomo kupinda au mkono kulegea ghafla ni dharura. Usisubiri saa ikuambie.

Kwa mhudumu wa afya

Usimcheke mgonjwa aliyekuja na saa, kwa maana bidii yake ni mtaji. Muulize mambo matatu: saa imeonyesha nini, alikuwa akifanya nini wakati huo, na je, amebadili dawa yoyote kwa sababu yake? Swali la tatu ndilo linaloweza kuokoa maisha. Kisha pima upya kwa chombo chako, na usiandike kwenye faili shinikizo la damu lililotoka kwenye saa. Saa ikiwa imeonya kuhusu mapigo yasiyo na mpangilio, shika mshipa wa mkono kwa dakika nzima na uagize kipimo cha umeme wa moyo. Hatua na mapigo ya kupumzika unaweza kuyatumia kupanga mazoezi pamoja na mgonjwa.

Mwenye shinikizo la juu la damu ambaye fedha yake inatosha kifaa kimoja tu, anunue kwanza mashine ya presha ya mkanda wa juu ya kiwiko. Kutembea hakumhitaji asubiri saa janja: dakika 30 kwa siku, siku tano kwa wiki, zinatimiza zile 150, na saa ya ukutani yatosha kuzihesabu.