Safari ya Unguja kwa Watu wa Bara Kavu

Wasikilizaji wetu wa Dodoma, Kondoa na Mpwapwa wengi siku hizi huzuru Unguja, maana tangu mwaka 2024 treni ya umeme yafika Dar es Salaam kwa saa nne hivi, na boti ziendazo mbio huvuka kwa saa mbili. Raia wa Tanzania hana haja ya pasi. Achukue kitambulisho tu.

Lakini neno tunalotaka kulisema hasa ni la maji. Sisi tumezoea makorongo yanayojaa kwa mvua na kukauka. Bahari haingoji mvua. Hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na saa zake husogea mbele kama dakika 50 kila kukicha. Mwezi uandamapo na uwapo mpevu huwa bamvua, na hapo maji hupanda na kushuka kadiri ya meta 4.

Huko Paje na Jambiani, maji yakipwa huacha mchanga mtupu mbali sana, na mgeni huvutwa kwenda kutazama wanawake wakulima wa mwani. Yarudipo, hayaji kwa mbele peke yake. Hupita kwanza kwenye mabonde ya mchanga, hata mtu akaona ametengwa na nchi kavu. Basi kabla ya kushuka, mwulizeni mvuvi: maji yanajaa au yanakupwa? Na wakulima wa mwani wakiondoka, nanyi ondokeni. Viatu msivue, kwani mna viumbe wenye miiba.