Usidharau Porojo za Simuni

Ni Jumapili asubuhi, chai ingali mezani. Simu yako inalia mara moja, mara mbili, mara ya tano. Unainyakua ukidhani kuna jambo la dharura. Kumbe ni binamu yako wa Eldoret, ametuma picha ya chapati alizopika, na shangazi yenu aliye Kisumu anamuuliza mbona zimeungua kingoni. Kabla hujaiweka simu chini, mjomba naye anauliza afute nini ili simu yake ipate nafasi, maana haipokei tena picha. Unaguna: "Hawa watu hawana kazi?"

Nami, msomaji, niliguna hivyo kwa muda mrefu. Leo ningependa kukusimulia kisa kilichonifanya niache.

Tuko kumi na mmoja tuliosoma pamoja chuoni, na tuna kundi letu la WhatsApp. Ukilifungua hutapata mambo mazito. Utakuta mabishano kuhusu iwapo pilau hutiwa nyanya au haitiwi. Kuna mmoja ambaye kazi yake ni ya kompyuta, na kila siku hutusumbua kwa sifa za programu mpya aliyoijaribu. Mwingine hujigamba kwa viatu vya mitumba alivyopata Gikomba kwa bei ya kutupa. Na kuna mwenzetu mmoja ambaye kila siku, kabla ya saa moja asubuhi, hutuma picha ya kikombe chake cha chai na kitafunio: leo nduma, kesho mahamri. Tulimtania kwamba hata jogoo wa mtaani kwao husubiri chai yake ndipo awike.

Jumatatu moja chai haikuja. Jumanne vilevile. Jumatano mmoja wetu akaandika, "Leo chai iko wapi?" Kimya. Wakati wa chakula cha mchana nikampigia. Simu iliita hadi ikakatika, nikapiga tena, na mara ya tatu akapokea. Alikuwa amefutwa kazi wiki tatu kabla ya siku hiyo. Kodi ya nyumba ilikuwa imefika, stima imekwisha, na tangu jana yake hakuwa ametia kitu kinywani. Nilipomuuliza mbona hakutuambia, alinijibu: "Ningeanzaje, dada yangu? Mahali watu wanapobishana kuhusu nyanya za pilau, mimi nilete njaa?"

Jioni hiyo wawili wetu tulikwenda kwake tukiwa na unga, sukumawiki na majani ya chai. Wengine walituma mchango kwa M-Pesa, kodi ikalipwa. Yule bingwa wa programu tuliyekuwa tukimcheka alimfundisha programu ya kutunza hesabu, jioni baada ya jioni kwa miezi miwili. Hivi leo mwenzetu huyo anawatunzia hesabu wenye maduka watatu mtaani kwake, na picha za chai zimerudi.

Jiulize: ni nani kati yetu angalijua? Hakuna aliyetangaza shida. Tulijua kwa sababu tulikuwa tumeizoea chai yake, na mtu uliyemzoea hata kimya chake hukisikia.

Porojo za aina hii hazikuletwa na simu. Wazazi wetu walinunua kadi za salamu wakazituma redioni ili mtangazaji ayasome majina ya jamaa zao. Hapakuwa na habari yoyote kubwa ndani ya kadi hizo ila kusema: nipo, nawe nakukumbuka. Waliokuwa mbali waliandika barua, na ndiyo maana wahenga walisema waraka ni nusu ya kuonana.

Hata mabingwa wa kompyuta wa ng'ambo walizungumza mambo madogo kama haya yetu. Mwaka wa 1982, watu wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, Marekani, walitaniana kwa maandishi kuhusu lifti iliyomwagikiwa na zebaki, na baadhi ya wasomaji wakadhani ni tahadhari ya kweli. Mnamo Septemba 19 mwaka huo, Scott Fahlman akapendekeza kwamba anayetania aweke nukta pacha, kistari na mabano ya kufungia, ambavyo ukivitazama kwa upande vinafanana na uso unaotabasamu. Alama hiyo ilizitangulia nyuso za manjano tunazotumiana leo.

Nao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walichoka kupanda na kushuka ngazi na kukuta birika la kahawa tupu. Mwaka wa 1991 walilielekezea kamera na kuunda programu iliyowaonyesha picha ya birika hilo kwenye kompyuta zao. Mwaka wa 1993 picha hiyo iliwekwa kwenye intaneti, na watu wa nchi za mbali wakawa wanalitazama birika la kahawa ambayo wasingeionja kamwe, hadi kamera ilipozimwa mwaka wa 2001.

Hata hivyo, kila kitu na kiasi chake. Jioni moja binti yangu wa miaka saba aliniuliza, "Mama, mbona unacheka na simu lakini na mimi huchеki?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo, chakula cha jioni kikipakuliwa, simu zote za nyumbani kwetu huwekwa juu ya friji, pamoja na ya baba yake.

Nawe jiwekee masharti machache. Zima mlio wa makundi yanayokuchosha badala ya kugombana na watu. Usisambaze habari ya dawa au ya kazi usiyojua ilikotoka. Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri ya M-Pesa, hata ombi likija kwa jina la ndugu yako, kwani simu huibwa. Na usitume picha ya mtoto wa mwenzio kabla ya kumwomba ruhusa.

Sharti la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Leo, ukimaliza kusoma ukurasa huu, fungua lile kundi linalokuchosha uangalie ni nani aliyezoea kusema na siku hizi hasemi. Usimwandikie, mpigie. Muulize amekunywa chai na nini. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, lakini hawezi kukufaa kabla ya kujua kwamba umo dhikini.